Majembe Nayo Yanahitaji Hewa

Kila ninapoalikwa kuzungumza na vijana wanaosomea afya ya mazingira, hakosi mmoja wa kunyoosha mkono na kuuliza kama chuo kikuu kiliniandaa kwa kazi yangu. Huwa namjibu kwamba kiliniandaa vizuri mno. Kazi ndiyo haikuandaliwa kunipokea. Vijana hucheka, mwalimu wao hacheki, nami naendelea na mada niliyopewa. Leo mwalimu hayupo, kwa hiyo nitaeleza.

Nilisoma katika nchi ya baridi kwa ufadhili, miaka ile ambayo taifa letu changa lilikuwa likitafuta wataalamu kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Tulifundishwa namna mabomba ya maji yanavyopasuka yakiganda. Tulifundishwa kukagua chupa za maziwa, majokofu ya mabucha na mifereji ya maji taka inayopita chini ya miji. Upitishaji wa hewa ndani ya majengo ulichukua muhula mzima, kwa sababu watu wa kule hufunga madirisha nusu mwaka halafu wanashangaa kwa nini wanakohoa. Kulikuwa hata na somo la uzito wa theluji juu ya mapaa ya shule. Profesa aliposikia kwamba natoka kwenye mlima wenye theluji alifurahi kupita kiasi. Aliwaambia wenzangu kwamba somo lile litanifaa mimi kuliko wote. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba theluji yetu haina wakazi.

Nilifaulu. Nilirudi Moshi nikiwa na shahada, koti zito ambalo sikulivaa tena, na baba aliyekuwa akitangaza kila mahali kwamba binti yake amesomea Ulaya. Watu walipomuuliza nimesomea nini, alijibu, "Maji na hewa." Nilimweleza mara kadhaa kwamba kuna na jambo la tatu, na kwamba hilo la tatu ndilo kubwa. Baba alikuwa anasikiliza kwa adabu, kisha mgeni mwingine akija anamwambia, "Maji na hewa."

Ofisini mjini nilikuta gari limepandishwa juu ya mawe, meza isiyo na droo, na bosi aliyeipata kazi kwa kozi fupi ya wakati wa mkoloni. Aliniita "msomi", na alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja ugonjwa. Cheo changu kwa wananchi kilikuwa Bwana Afya, maana cheo kilikuwepo kabla yangu na hakuna aliyeona sababu ya kukibadilisha kwa ajili ya sketi. Wazee walinisalimia, "Hujambo, mama Bwana Afya," nami nikaamkia shikamoo, na mambo yakaenda.

Bosi alinipangia kata ya kwetu, juu mlimani. "Aisee msomi, wale ni watu wako," alisema. "Watakusikiliza."

Kazi yenyewe ilikuwa vyoo. Redio ilikuwa ikihimiza kila jioni kwamba kila kaya iwe na choo, na vikundi vya wananchi vilikaa kwenye vibaraza na kuisikiliza, kisha vikajadili kama vilivyoagizwa. Nilipita kihamba kwa kihamba, yaani yale mashamba yetu ya nyumbani, katikati ya migomba na kahawa, nikipima mashimo kwa kamba. Lazima niseme ukweli: wanaume wa kwetu walichimba. Walichimba mashimo marefu, yenye kuta zilizonyooka, wakajenga vibanda vya mbao, wengine wakaweka na milango ya bati. Bosi alisoma taarifa yangu, akaipeleka mkoani kama taarifa yake, na kata yetu ikawa mfano wa kuigwa. Sikuchukia. Nilidhani kweli nimefanikiwa, na nilimwandikia profesa kadi.

Mwaka uliofuata homa ya matumbo ikarudi kama kawaida yake, katika vijiji vya chini, kwa watu walewale wenye vyoo virefu.

Sasa hapa inabidi nieleze jambo ambalo mwanamke wa kwetu haelezi. Wazee wa rika lile wote wamekwisha kutangulia, kwa hiyo hakuna nitakayemvunjia heshima uso kwa uso. Mwanamume wa rika la baba, aliyetahiriwa na kufundwa kimila, hakuwa mtu wa kwenda haja kubwa. Alikuwa amezibwa. Ndivyo wanawake walivyoambiwa tangu enzi: kwamba mwanamume akishatoka kufundwa, anakula, ananenepa, na mambo yanaishia hapo. Wanaume walikula kiapo kuilinda siri hiyo. Wanawake nao, bila kuapishwa na mtu, walikubaliana kujifanya wameiamini. Kanisa lilipokuja lilifuta mambo mengi, lakini hili halikuguswa, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kulitaja kwenye kitubio. Vijana wa umri wangu waliligeuza utani. Wazee hawakutania hata kidogo.

Kwa hiyo vile vyoo vizuri vilikuwa vya wanawake na watoto. Baba alichimba cha kwetu kwa mikono yake, akakifunika vizuri, akaniita nikione kama mtu anayeonyesha banda la kuku. Yeye mwenyewe hakuwa na shughuli nacho. Hakukitazama tena tangu siku ile, na akilazimika kupita upande ule alipita akiangalia migomba.

Na kama vyoo havikuwa vya wazee, wazee walikwenda wapi? Swali hilo halikuwa kwenye mtihani wowote niliofanya. Lakini tangu utoto nilijua, kama walivyojua wanawake wote, kwamba wanaume wazima wana safari zao za alfajiri kwenda kwenye banio.

Banio ni pale mfongo unapoanzia, huko juu kwenye korongo, mahali ambapo maji ya mto yanageuzwa na kuingizwa kwenye mfereji unaoshuka hadi kwenye vihamba. Maji hayo tulimwagilia, tulinywesha mifugo, na sisi wenyewe tulikunywa. Wanaume ndio waliouchimba mfongo na kuutunza, na mwanamke haruhusiwi kukanyaga kwenye banio. Ilisemwa kwamba akikanyaga, maji yatakauka. Baba yangu ndiye alikuwa mzee wa mfongo. Yeye ndiye aliyepanga zamu za maji, aliyeita watu kuzibua, aliyekwenda kule juu kila asubuhi na panga lake kuangalia kama kila kitu kiko sawa.

Mahali pa faragha pasipofikiwa na mwanamke yeyote. Karibu na maji. Juu ya vijiji vyote. Profesa wangu angechora mshale mwekundu ubaoni na kumaliza somo kabla ya chai. Angeniambia nenda kwenye chanzo, chukua maji, piga picha, itisha mkutano, taja chanzo. Nilijaribu kumfikiria yeye mwenyewe amesimama mbele ya baba yangu na wazee wenzake akiwaeleza hayo. Nikamwonea huruma, ingawa alikuwa mbali na alikuwa amestaafu. Kwenye taarifa yangu niliandika kwamba wananchi waendelee kuchemsha maji. Bosi akasema hiyo ni taarifa ya kisomi.

Kisha baba akaugua.

Alianza kwa kichwa, akaendelea kwa homa isiyoshuka, akakataa chakula, akakataa hata mtori alioupika mama. Tulimteremsha mjini kwa lori la kahawa, nikiwa nimemwegemeza begani. Hospitalini walimchukua damu. Damu hakuwa na tatizo nayo, mwanamume ana damu. Daktari akasema ni homa ya matumbo, wakaanza sindano. Nililia chooni, mahali pekee ambapo mtu wa kazi yangu anaweza kulia na aonekane yuko kazini.

Baada ya siku za sindano homa ikaanza kushuka, na daktari, kijana mpole, akaniita pembeni. Alinieleza kile nilichokuwa nakijua kutoka kwenye vitabu: mtu anaweza kupona, akarudi nyumbani mzima kabisa, lakini akabaki na vijidudu tumboni na kuvitoa bila yeye kujua, miezi au hata miaka. Dawa inaweza kuviondoa vikijulikana vipo. "Ni lazima tupime choo chake," alisema. "Ukizingatia kwamba ni mzee wa maji kule kwenu, unaelewa."

Nilielewa mno. Kama baba alikuwa bado anavibeba, basi kila asubuhi yangekuwa yaleyale, na wajukuu zake walikuwa wanakunywa maji ya mfongo ule. Na kama vijidudu vingemwangusha tena katika umri wake, sikuwa na hakika kwamba sindano zingewahi mara ya pili. Daktari akanipa kikopo kidogo chenye kifuniko.

Nilisimama pembeni ya kitanda cha baba nikiwa na shahada ya chuo kikuu katika fani ya mambo hayo hasa. Mimi ndiye nilikuwa mtaalamu wa kwanza wa kike mwenye digrii katika fani hiyo katika kata yetu, na kwa jinsi nilivyojua, wa mwisho kwa miaka mingi. Nilikuwa nimesoma kurasa zisizohesabika kuhusu kile kilichotakiwa kuingia katika kikopo kile. Nikakiweka juu ya kijimeza, nikasema, "Baba, daktari ameomba kipimo."

"Wameshachukua damu."

"Hiki ni kipimo kingine."

Baba alikiangalia kikopo. Akaniangalia mimi. Halafu akageukia ukutani, akasema kwa sauti ndogo, "Sina."

Nesi naye alijaribu, akamsihi kwa kelele wodi nzima isikie, na baba akafumba macho kama aliyekufa. Siku ya pili akaomba aruhusiwe kwenda nyumbani. Daktari alikasirika, akasema wazee wa mlimani ni wakaidi. Mimi nilitaka kumwambia si ukaidi. Kwa baba, kukubali kikopo kile mbele ya binti yake na manesi kulikuwa ni kuvuliwa nguo katikati ya soko, na kuwavua wazee wenzake wote pamoja naye. Lakini ningeanzia wapi kumweleza? Tukarudi juu na kikopo kitupu ndani ya mkoba wangu.

Nyumbani nilimweleza mama. Alikuwa anamenya ndizi, na hakuacha. Nilimwambia kuhusu vijidudu, kuhusu banio, kuhusu wajukuu, yote, kwa lugha ya darasani, maana sikuwa na lugha nyingine.

"Sasa mwanamume anapimwa kitu gani?" akasema mama. Uso wake haukuonyesha chochote. "Mwanamume si amezibwa?"

"Mama."

"Mimi ndivyo nilivyoambiwa nilipoolewa," akasema, akaendelea kumenya. Alikuwa ameishi na baba maisha yake yote. Alimzalia watoto, alimfulia nguo. Nilitaka kumtikisa mabega. Nilikuwa na hasira naye, na baba, na wazee wote, na profesa, na mtu aliyebuni neno faragha. Hasira ilipopoa niligundua kwamba mama hakuwa amekataa kunisaidia. Alikuwa amenionyesha mlango ulipo: hapakuwa na njia yoyote ya kulitatua jambo lile kwa kulitaja.

Niliomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji. Wazee wa mfongo walikaa mbele, baba katikati yao akiwa amejifunika blanketi kwa sababu bado alikuwa dhaifu. Nikasimama na kusema kwamba ofisi imeona tatizo kubwa katika kata yetu, na tatizo hilo ni majembe.

Katibu kata akaniangalia kwa mshangao, maana kwenye ajenda nilikuwa nimepangiwa kuzungumzia usafi.

"Zana za kuzibulia mfongo zinanyeshewa," nikasema. "Wazee wanazibeba toka nyumbani kila asubuhi, wamechoka. Napendekeza ijengwe stoo ya majembe, huko huko karibu na njia ya banio. Ila iwe upande wa chini, mbali na maji. Na iwe ya wazee wa mfongo peke yao. Mwanamke asiisogelee."

Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, rika moja na baba, akauliza, "Hiyo stoo itakuwa na mlango?"

"Ndiyo, baba. Na kufuli kwa nje. Na komeo kwa ndani."

"Stoo yenye komeo kwa ndani?"

"Ili upepo usiufungue mtu akiwa anapanga majembe."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, akatafakari. "Na sakafu?"

"Sakafu ya saruji, baba. Yenye tundu katikati, la kupitishia maji ya kuoshea majembe. Na chini ya tundu kuna shimo refu, ili maji hayo machafu yasirudi mtoni."

Wanawake, waliokaa nyuma na watoto wao, waliinamisha macho chini kwa pamoja kama wako kanisani. Hakuna hata mmoja aliyekohoa. Nilikuwa nimewahi kuhutubia wataalamu katika ukumbi wenye viti vya velveti na sikuwahi kupata usikivu wa namna ile.

Baba akajifunika vizuri blanketi lake. "Majembe ya siku hizi," akasema, "yanahitaji kutunzwa." Mkutano ukapitisha.

Mambo ya ofisini yalikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Kama ningeomba saruji ya choo, ombi lingepita kwenye kamati ya afya, kamati ya ujenzi na kamati ya kuangalia kamati, na saruji yenyewe ilikuwa adimu. Lakini stoo ya zana za umwagiliaji ilikuwa ni kilimo, na kilimo siku zile kilikuwa siasa, na siasa haikusubiri foleni. Bosi alitia saini bila kusoma. Wazee wakachimba wenyewe, kwa mikono ileile iliyochimba vyoo vya wake zao, na shimo lao likawa refu kuliko yote. Mimi, ambaye sikuruhusiwa kusogea, niliongoza ujenzi kwa kupiga kelele kutoka kwenye mgomba wa mwisho. Nilisisitiza jambo moja tu la kitaalamu: liwepo bomba la hewa, linalopanda kutoka shimoni hadi juu ya paa. Ule muhula mzima wa upitishaji wa hewa hatimaye ulipata kazi.

Stoo ilipokamilika, nilimletea baba mfuko kutoka mjini. Ndani mlikuwa na sukari na sabuni ya mche, vitu ambavyo siku zile vilikuwa na foleni yake. Chini kabisa niliweka kile kikopo, na nikakifunga kwa jani la isale.

Kwetu, ukiwa na ombi zito kwa mtu, hasa lile ambalo ana kila haki ya kulikataa, unampelekea isale. Ni jani la kawaida tu la mmea tunaoupanda mipakani, lakini aliyepelekewa akishalipokea hawezi tena kukataa. Watu wamesameheana damu kwa jani hilo. Sidhani kama kabla yangu kuna mtu aliyewahi kulitumia kwa jambo kama langu. Baba alitoa sukari, akatoa sabuni, akatazama ndani ya mfuko kwa muda. Kisha akautundika kwenye msumari. Hakukirudisha kikopo, lakini hakukitoa pia. Kila nilipopanda nyumbani nilikuta mfuko palepale, na jani likizidi kunyauka. Niliogopa. Nilimwangalia anavyokula, anavyotembea, nikisubiri homa imrudie.

Ndipo bosi akaleta wageni. Habari za kijiji kilichojenga stoo kwa nguvu zake zilikuwa zimefika mkoani, na mkoa ulitaka kuona. Walipanda na magari mawili, wakakaribishwa kwa mbege, pombe yetu ya ndizi, wakapewa hotuba, kisha bosi akasema, "Sasa twendeni kwenye hiyo stoo tuingie ndani."

Niliwaona wazee wakitazamana. Nyuma yetu wanawake waliacha kuimba. Ndani ya kibanda kile mlikuwa na heshima ya wanaume wa ukoo mzima, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa baba, kwenye uzi.

Baba hakusita. Alitangulia mbele kwa mwendo wake wa taratibu, akafungua kufuli. Mimi nilibaki kwenye mgomba wangu wa mwisho, mahali ambapo nilikuwa naona mlango wote. Ukutani palikuwa na majembe, masepetu na sururu, yamepangwa kwa ukubwa, yamesuguliwa hadi yanang'aa. Sijawahi kuona zana safi namna ile, hata kwenye maonyesho. Katikati ya sakafu, juu ya tundu, palikuwa na kifuniko cha mbao, na juu ya kifuniko debe lililogeuzwa.

Wageni wakasifu. Mmoja akapiga picha. Bosi, ambaye hakuweza kuona kitu bila kukishika, akainama kwenye debe. "Na hapa chini kuna nini?"

"Ndugu, tafadhali!" nilipiga kelele kutoka mgombani, kwa sauti niliyoitumia kwa wauza nyama wanaoficha vichwa vya mbuzi. "Hapo pana sumu ya panya. Kali. Ukigusa siwajibiki."

Bosi aliruka nyuma akajipangusa mikono kwenye suruali. Kisha, ili kujikomboa, akanyoosha kidole juu ya paa. "Na lile bomba? Stoo ya majembe inahitaji bomba la nini?"

Hilo sikuwa nimeliandalia jibu. Baba alilitazama bomba, akawatazama wageni, akaniangalia mimi kule mgombani.

"La hewa," akasema. "Majembe nayo yanahitaji hewa. Yakikosa hewa yanashika kutu. Huyu binti yangu amesomea Ulaya. Maji na hewa."

Wageni wakatikisa vichwa kwa heshima. Bosi, kwenye hotuba ya kuaga, alisema kwamba huu ndio utaalamu ambao taifa linauhitaji, na kwamba yeye binafsi ndiye aliyesisitiza liwepo bomba.

Magari yalipoondoka nilichukua mkoba wangu niwahi gari la kushuka mjini. Ulikuwa mzito kuliko nilivyouacha. Mama alikuwa ameweka ndizi juu, kama kawaida. Chini ya ndizi palikuwa na kitu kimefungwa kwa majani makavu ya mgomba, tabaka juu ya tabaka, kama yai linalosafirishwa mbali. Kilikuwa kimefungwa kwa jani la isale, lile lile, limenyauka limekuwa jeusi. Sikukifungua. Nilijua uzito wake. Nilikaa ndani ya gari nimekipakata hadi Moshi, na nililia njia nzima, na aliyekaa jirani yangu akanipa pole ya msiba.

Kwenye maabara ya hospitali mpimaji alikipokea, akachukua kalamu. "Cha nani hiki?"

Nilifungua mdomo nimjibu kama mtaalamu.

"Cha mama yangu," nikasema.

Majibu yalikuwa mazuri. Hapakuwa na kijidudu hata kimoja. Daktari alipoona jina la mama alikunja uso, akaniangalia, na kwa mara ya kwanza nikaona dalili kwamba na yeye alizaliwa mahali penye siri zake. Akaipachika karatasi kwenye faili la baba.

Nilipanda nyumbani siku iliyofuata. Baba alikuwa kibarazani ananoa panga, mama amekaa karibu na beseni la ndizi.

"Shikamoo baba. Majibu ya mama yametoka."

Baba hakuinua kichwa. Panga likasimama juu ya jiwe. "Marahaba. Wanasemaje?"

"Hana kitu. Amepona kabisa."

Mama, ambaye mwaka ule hakuumwa hata jino, akaweka kisu chini na kushika kifua. "Namshukuru Mungu," akasema. "Nilikuwa na wasiwasi sana juu yangu."

"Nilijua utapona," baba akamwambia. Kisha akainuka, akasogeza ule uzi wa ufunguo shingoni, akasema anakwenda kupanga majembe.

"Nenda, baba watoto," mama akamwambia. "Usifanye haraka."